Sahani Mbele ya Mwali

Mpaka leo siwezi kutenganisha sawasawa maneno aliyoniambia yule afisa wa benki na maneno niliyoyaongeza mwenyewe. Nakumbuka vipande. Nakumbuka gulio la Kibiti, jua la saa nne asubuhi, gari lenye spika juu ya paa, na afisa mwenyewe, kijana aliyevaa shati jeupe lisilo na doa, akieleza jinsi ya kushika pesa. Noti isikunjwekunjwe. Isiandikwe namba za nyumba wala majina ya wachumba. Isitobolewe kwa pini. Isifukiwe ardhini wala kuwekwa penye unyevu. Sarafu isitobolewe ikafanywa mkufu, wala isipondwe ikafanywa chubwi la kuzamisha mshipi.

"Basi tuzilaze kitandani sisi tulale chini!" mama mmoja muuza mihogo alipiga kelele, na gulio zima likacheka. Kijana naye alicheka. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba alicheka. Hakuwa mtu wa kutisha watu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Kwanza tulikuwa na pesa na hatuna sabuni. Halafu sabuni zikaja, za rangi zote, na pesa ndiyo ikawa haieleweki. Noti tuliyoizoea iligeuka sarafu. Noti nyingine ikatoka mpya, kubwa zaidi, na kabla hujaizoea sura yake bei ya sukari ilikuwa imekwishaipita. Wazee kule visiwani walikuwa wakinionyesha pesa na kuniuliza, "Hii bado inakula?" Nami nilijibu kama mtu anayejua, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne, na kwetu Maparoni waliofika huko walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Nilikuwa karani wa ushirika pale Kibiti, kwenye mizani ya korosho. Lakini wanunuzi binafsi walikwishaingia na magari yao, na mizani yetu ikabaki kupimia vumbi. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango asubuhi na kuufunga alasiri. Kwa hiyo kijana wa shati jeupe alipouliza ni nani anayejua kusoma vizuri na ana safari ya kwenda visiwa vya delta, mkono wangu ulipanda wenyewe. Alinipa mabango kumi na mawili yaliyoviringishwa, yana picha za noti na maelezo chini yake.

"Waelimishe, kaka," aliniambia. "Taratibu tu. Na zile za kubandika pesa usoni kwenye ngoma, waambie watafute chombo, noti zinaharibika kwa mafuta na jasho."

Nadhani ndivyo alivyosema. Chombo. Hakusema chombo gani.

Safari yenyewe nilikuwa nayo tayari. Dada yangu mkubwa alikuwa anamtoa mwali. Binti yake alikuwa amekaa ndani tangu mavuno ya mpunga yaliyopita, mwaka mzima, katika chumba kisicho na dirisha, akifundwa na kungwi, somo yake, akisema kwa kunong'ona, akitoka tu kwa haja, na hapo gubigubi, amefunikwa khanga kichwa hadi miguu. Wasiojua kwetu watashangaa, lakini wakati huo hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ingekuwa kutomweka. Siku ya kumtoa, mwali hubebwa mabegani, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, macho kayafumba, mdomo kaufunga. Asitazame, asiseme, mpaka atuzwe. Na wa kwanza kumtuza ni mjomba. Mjomba huchukua noti, huibandika kwenye paji la uso, na ikishika tu, vigelegele vinapasuka, watu wote wanajaa na noti zao, na mtoto anafumbua macho. Hapo ndipo anapokuwa ametoka. Kabla ya hapo bado yumo ndani, hata kama jua linampiga.

Baba yake alikwishafariki. Mjomba wa tumbo moja na mama yake nilikuwa mimi peke yangu.

Nilifika Maparoni siku mbili kabla, kwa boti ya mashine ya wanunuzi wa kamba wa baharini kutoka Nyamisati. Nilianza na mabango kabla hata ya kunawa miguu. Nilitaka kubandika la kwanza kwenye ukuta wa msikiti, imamu akanishika mkono kwa upole. "Mwanangu, hapa hatubandiki sura za watu. Dukani pale." Nikabandika dukani, nikabandika shuleni, nikabandika kwenye kibanda cha kupimia kamba. Kila nilipobandika watu walikusanyika, nami nilisoma kwa sauti, na kila niliposoma niliona mistari ile haitoshi. Watu walikuwa wanatabasamu tu. Mtu mmoja mkata mikoko alichomoa noti iliyolowa kwenye msuli wake, akaipepea mbele yangu. "Hii nayo ina kosa gani, bwana mkubwa? Imeogelea tu."

Ndipo nikasema kwamba mtu anaweza kushitakiwa. Nikasema polisi. Sijui neno lile lilitoka wapi. Halikuwa kwenye bango na sidhani kama lilikuwa kinywani mwa yule kijana. Lakini nilipolitamka tabasamu ziliisha, na nilijisikia mrefu.

Nyumbani dada yangu alinitolea pesa aliyotenga ya kuwalipa wapiga ngoma. Ilitoka ndani ya mtungi wa mpunga, punje bado zimeganda kwenye mikunjo.

"Dada, pesa haiwekwi hivi," nilimwambia.

"Imekaa na mpunga tangu Ramadhani, wala haijaumwa," alisema, akizipangusa kwa kiganja. "Weye umekuja kumtoa mwanao au umekuja kutukagua?"

"Vyote viwili."

"Haya. Anza na mwanao."

Tulicheka. Nilimpenda sana dada yangu. Yeye ndiye aliyekata ukindu na kusuka mikeka nipate sare ya shule, na sikuwa nimemlipa kwa lolote zaidi ya kurudi nyumbani nikiongea kama redio.

Siku yenyewe ngoma zilianza mapema. Uwanja ulikuwa umefagiwa, wali unapikwa kwenye masufuria ya kuazima, watu wametoka vitongoji vyote. Mpunga wa mwaka mzima wa dada yangu ulikuwa kwenye masufuria yale. Mimi nilikuwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi na mfukoni nina noti tatu mpya kabisa nilizobadilishia Kibiti, hazijawahi kukunjwa, zinalia ukizigusa. Kwa siku mbili nilikuwa nimewaambia watu wasibandike pesa popote. Sasa wote walikuwa wananitazama mjomba atafanya nini. Nikiibandika noti, mimi ni mwongo. Nisipoibandika, mtoto hatoki. Ndivyo ilivyo ukiieleza leo kwa utulivu. Siku ile sikuiona hivyo. Niliona kwamba nimepata suluhisho, na kwamba ni zuri.

Nilikwenda jikoni nikaomba sahani. Mpishi aliyekuwa na haraka alinipa ile ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Nikatandika kitambaa changu cha mkononi ndani yake ili noti zisiguse mafuta.

Kungwi alitoka ndani akiwa amembeba mwali mabegani. Mama yule alikuwa na umri mkubwa kuliko dada yangu lakini alikuwa na nguvu za mpiga makasia. Mwali alikuwa ameng'aa, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, mweupe kwa kukosa jua, kope zake zinacheza kama mtu anayeota. Ngoma zikapungua kunipisha. Nikasogea mbele, nikasimamisha ngoma kabisa kwa mkono, nikatoa hotuba.

Sikumbuki hotuba yote. Najua nilisema kwamba dunia imebadilika. Najua nilisema kwamba pesa ya taifa haistahili kupakwa mafuta. Kisha nikaweka sahani chini mbele ya miguu ya kungwi, juu ya mkeka, nikaweka noti zangu tatu juu ya kitambaa, nikarudi nyuma hatua moja na kuinamisha kichwa ili wengine wafuate.

Hakufuata mtu. Palikuwa kimya, na watu wengine nao wameinamisha vichwa. Nilidhani wameelewa.

Wasomaji wa pwani wamekwishaelewa kabla yangu. Kwetu pesa haiwekwi kwenye sahani yenye kitambaa, chini, mkekani, watu wamenyamaza, isipokuwa kwa jambo moja. Ni ubani. Ni sahani ya msibani. Mimi niliwahi kuipitisha sahani hiyo mwenyewe siku ya maziko ya shemeji yangu, baba wa mtoto huyo huyo. Nilijua. Lakini sikujua kwamba najua, na hapo ndipo akili yangu inapogota kila nikikumbuka. Mtu anawezaje kusahau kitu ambacho hajakisahau?

Basi pale pale akaingia mzee mmoja jirani, ametoka shambani, amechelewa, jembe bado begani. Aliona watu wameinama. Aliona ngoma zimenyamaza. Aliona mkeka na sahani. Alishusha jembe lake taratibu, akavua kofia, akapapasa kiunoni akatoa sarafu, akaja akaidondosha kwenye sahani. Ikalia. Akamgeukia dada yangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe subira."

Na juu kule, mabegani mwa kungwi, mwali akafumbua macho.

"Nani kafa?" aliuliza.

Sauti ilikuwa ndogo na kavu, sauti ya mtu asiyeitumia. Lakini uwanja mzima uliisikia.

Sijui nilitarajia nini kitokee. Kuna waliocheka, kicheko kile cha kushikwa na hofu. Kuna mwanamke aliyeanza "Innalillahi" akaziba mdomo. Kungwi alisimama bila kutikisika, mtoto bado juu yake, akanitazama mimi, si kwa hasira, bali kama fundi anayetazama ubao uliokwishapasuka.

"Mwali kasema," alitangaza. "Kasema kabla ya kutuzwa, na katolewa ubani. Hajatoka huyu."

"Somo yangu, nakuomba," dada yangu alisema. "Watu wote hawa. Wali huu."

"Wali wataula. Mwali anarudi ndani."

Hapo ndipo nilipoinama nikaokota noti mojawapo, nikamrukia mtoto, nikaibandika kwenye paji la uso kwa nguvu. Haikushika. Noti mpya ni ngumu, na mafuta yalikuwa mengi, ikateleza ikaanguka mchangani. Nikaiokota na mchanga wake, nikabandika tena. Ikaanguka. Mara ya tatu nilikuwa naisugua kwenye ngozi ya mtoto, naye alikuwa amefumba macho tena, amekaza sana, machozi yanapita kwenye mafuta. Kungwi alinisukuma mkono.

"Basi, mjomba. Yatosha. Unamwumiza."

Wakamrudisha. Mlango ukafungwa saa nne na nusu asubuhi, jua linawaka. Alikuwa ameliona kwa muda wa kuuliza maneno mawili.

Watu walikula, kwa sababu chakula kikipikwa huliwa, lakini walikula bila kelele na waliondoka mapema. Wengine walinipa mkono wakiniuliza kwa kunong'ona kama kweli polisi watakuja. Mama mmoja alinikabidhi noti yake iliyoungwa kwa gundi ya ubwabwa, eti niipeleke serikalini yeye hataki kesi. Niliikataa, akailaza mapajani mwangu akaenda zake. Mzee wa jembe alikaa peke yake kwenye kivuli cha ukuta akirudia kumwambia kila anayepita, "Lakini mie nimeona sahani. Jamani, si palikuwa na sahani?"

Alasiri nilikwenda dukani nikasoma bango langu mwenyewe, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma. Halikuwa na polisi. Halikuwa na kesi. Lilisema tafadhali. Lilisema noti iliyochakaa ipelekwe benki ibadilishwe. Mwenye duka alikuwa ananitazama akipima mafuta ya taa.

"Umepata kitu?" aliuliza.

"Hamna."

"Mie nilikwishalisoma juzi," alisema. "Nikasema huenda wewe umeambiwa zaidi."

Dada yangu hakunigombeza. Nilitaka anigombeze. Alikuwa anasugua sufuria la watu, na aliniuliza jambo moja tu bila kuinua kichwa: "Ulikuwa unamwogopa nani?"

Niliwaogopesha watu kwa polisi, kisha nikamwogopa polisi huyo huyo niliyemtunga. Au niliogopa kuonekana mwongo. Au nilitaka tu mambo yafanyike kwa njia yangu mara moja, mbele ya watu walionijua nikiwa sina viatu. Nimegeuza maelezo haya miaka mingi na kila moja linakaa kidogo kisha linateleza.

Kungwi alisema mwali atatolewa tena baada ya mavuno mengine. Kuweka karamu nyingine kulihitaji mpunga mwingine, na mpunga hauharakishwi. Mwaka mzima mwingine, basi, kwa mtoto aliyekuwa amekwishamaliza wake.

Nilirudi Kibiti. Miezi sita baadaye nilikwenda kumtazama dada, naye alikuwa mtoni akiosha mchele, na nikakaa kwenye baraza kumsubiri. Nyuma ya ukuta wa udongo nikasikia mtu anakohoa, kisha sauti ile ndogo.

"Mjomba?"

Hakutakiwa kusema nami. Nami sikutakiwa kujibu. Nilisogeza kichwa kwenye ukuta.

"Naam, mama."

"Mto umejaa?"

"Umejaa."

"Umefika kwenye mwembe wa bibi?"

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimepita hapo hapo kwa boti na sikuwa nimeangalia. "Umefika," nilisema, na baadaye nilipokwenda kutazama nikakuta haujafika, nikarudi kumwambia, lakini mama yake alikuwa amekwisharudi na sikuweza kusogea ukutani. Kwa hiyo hata hilo nilimdanganya.

Karamu ya pili ilifanyika. Dada yangu alimwita binamu yetu kutoka Mkongo asimame mahali pa mjomba. Mimi niliambiwa nije, lakini nisiongee, nikapewa kazi ya kuchota maji. "Mjomba, leo hukuja na vyombo?" vijana walinitania kila nilipopita na ndoo, nami nilicheka nao, ilikuwa stahili yangu. Binamu alitoa noti kuukuu, laini kama kitambaa, akailamba ncha, akaibandika, ikashika mara moja. Vigelegele vikapasuka. Nilikuwa nimesimama mbali, ndoo mkononi, na sikuona macho yakifumbuka. Niliona mgongo tu wa kungwi ukicheza.

Mtoto yule alikwenda kuishi Mkongo, akalima, akapata watoto wake. Na mimi nilizeeka. Siku hizi kila mtu anasema noti zishikwe vizuri, na ni kweli, zishikwe vizuri. Yule kijana wa shati jeupe hakukosea kitu. Nimeziona noti za kwetu zikivunjika kama majani makavu kwa chumvi. Simlaumu yeye wala bango.

Mwaka juzi nilikwenda Mkongo kwa ajili ya jambo hili tu. Nilimkuta anaparura samaki kwenye ua wake, mwanamke mzima mwenye mvi za mbele. Aliniwekea kigoda, akaniletea maji, akanipa habari za watu wote. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini yalitoka ovyo.

"Nimekuja kukuomba radhi," nilisema. "Ule mwaka wa pili. Nilikufunga mimi."

Aliacha kisu. "Mwaka wa pili upi, mjomba?"

"Wa ndani. Ile siku ya sahani."

Alijifuta magamba mikononi. Nilidhani amesahau, na kwa aibu yangu nilianza kufurahi.

"Hukunifunga weye," alisema. "Mie nilifungua mdomo. Somo alinikataza mwaka mzima, usiseme, usiseme, mie nikasema. Nilisikia 'pole mwanangu' nikadhani mama ndiye kapatwa na jambo. Macho nimeyafumba, simwoni. Nikafumbua nimtafute." Akashika tena kisu. "Kisha nikamtia hasara. Mpunga wake wote. Nilikuwa nalia mle ndani nikisema, mdomo wangu huu."

Nilikaa na bilauri ya maji mkononi. Miaka yote niliyokuwa najilaumu, nilikuwa najilaumu kwa ule mwaka mmoja tu wa ndani. Kumbe mtoto alikuwa ameubeba mzigo wangu akaenda nao Mkongo, akalima nao, akazaa nao, na hakuna aliyemwambia kuwa si wake. Dada yangu labda alidhani mtoto anajua. Mimi nilidhani ananilaumu. Hatukuwa tumezungumza, kila mmoja amekaa upande wake wa ukuta.

"Hapana," nilisema. "Sikiliza. Hukukosa kitu. Mtoto akisikia msiba huuliza aliyekufa. Sahani niliiweka mimi. Polisi niliwatunga mimi."

"Polisi gani tena?"

Nikaanza kumweleza, kutoka gulioni Kibiti, na nilipofika katikati nikachanganya, sikujua tena lipi nililoambiwa na lipi nililoliongeza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akitoa matumbo ya samaki.

"Haya, mjomba," alisema mwishowe. "Yamekwisha. Utakula wali au ugali?"

Sikujua kama amenisikia au amenihurumia tu. Kwa hiyo sikumjibu la chakula. Nilivuta kigoda karibu, nikaanza upya kumweleza.